Kuchagua Lenzi na Kurekebisha Kamera Ndogo Isiyo na Kioo: Mwongozo Kamili kwa Anayepiga Picha za Watu

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa walionunua kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) yanafanana mno. Picha za nje wakati wa mchana zinapendeza, lakini za ukumbini zimetikisika. Nyuso zimekuwa giza mbele ya ukuta mweupe, au zimepauka mbele ya pazia jeusi. Na picha ya familia nzima haikuenea sebuleni. Wengi wanahitimisha kwamba kamera ni duni, wakaanza kuweka akiba ya kununua nyingine ya bei kubwa zaidi.

Mara nyingi kamera haina kosa. Lenzi iliyofungwa haikuchaguliwa kwa kufuata nafasi na mwanga wa mahali husika, na vidhibiti vimeachwa vijipange vyenyewe, ilhali kamera haiwezi kujua kama unampiga picha babu aliyeketi au mtoto anayecheza muziki. Fedha ya kamera mpya ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua lenzi moja inayofaa.

Nitatumia Sony a6400, iliyotoka mwaka 2019, kama mfano wa mwongozo mzima. Mwenye Canon EOS R50 au Nikon Z50 atafuata karibu hatua zilezile, ingawa mahali na majina ya baadhi ya vidhibiti hutofautiana; kwa mfano, Canon huandika Av badala ya A. Mwenye Fujifilm X-T30 hatakuta gurudumu la kuchagua modi lenye herufi P, A, S na M. Yeye hupanga kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) kwa gurudumu lenye namba lililo juu ya kamera, na tundu la lenzi (linaloingiza mwanga) kwa pete iliyo kwenye lenzi zilizo na pete hiyo.

## Vitu unavyohitaji

- Kamera na betri mbili zilizojaa chaji. Kamera za aina hii huwasha kioo cha kutazamia muda wote, hivyo hula betri kuliko kamera za zamani zenye kioo cha ndani.
- Kadi ya SD ya GB 64 yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika. Sony a6400 haitumii kasi ya ziada ya kadi za UHS-II, kwa hiyo usizilipie.
- Lenzi iliyokuja na kamera. Kwa a6400 mara nyingi huwa ni 16-50mm yenye tundu la f/3.5-5.6.
- Futi ya kupimia.
- Pampu ndogo ya mkono ya kupuliza vumbi na kitambaa laini cha kufutia lenzi.
- Kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli vya kufyonza unyevu.
- Mtu mmoja mvumilivu wa kukaa mbele ya kamera, ukuta mweupe, na nguo moja nyeupe.

Usianze mazoezi siku ya sherehe. Hatua zote zifanye kwanza nyumbani, usiku, taa zikiwa zimewashwa.

## Hatua ya 1: Andaa kamera

Rekebisha kidirisha cha kuchungulia. Pembeni yake kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Kizungushe huku ukitazama maandishi yaliyomo ndani, mpaka yasomeke vizuri kabisa. Usitazame sura ya mtu, tazama maandishi. Kigurudumu hiki kikikaa vibaya utadhani kila picha haina fokasi, hata zile zilizo sawasawa.

Chagua mfumo wa video wa PAL. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia hupwesa (huwaka na kufifia) mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipiga video kwa mfumo wa NTSC, ambao umepangiwa nchi zenye umeme wa hezi 60 kama Marekani, utaona mwanga ukicheza au mistari ikipanda na kushuka. Kamera inaweza kudai kadi ifutwe na kuandaliwa upya (format) ikishabadilishwa mfumo, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza.

Washa onyesho linalofuata mipangilio. Ndani ya menyu kuna chaguo la kuonyesha athari za mipangilio kwenye kioo cha kutazamia. Likiwa limewashwa, kioo hukuonyesha picha ikiwa giza au angavu kabla hujabonyeza. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kamera isiyo na kioo cha ndani, na ni hasara kuizima, isipokuwa unapotumia flashi.

Hifadhi picha kwa RAW pamoja na JPEG. JPEG utaituma haraka. RAW, yaani faili ghafi la picha, itakupa nafasi ya kurekebisha rangi na mwangaza baadaye.

Utajua umefaulu ikiwa maandishi ya kidirishani ni makali, na kioo kinabadilika kuwa giza au angavu mara tu unapozungusha gurudumu.

## Hatua ya 2: Pima nafasi, ndipo uchague urefu wa lenzi

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha, kwa hiyo twende taratibu.

Namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi inaeleza upana wa kile lenzi inachokiona. Namba ndogo huona eneo pana, namba kubwa huona eneo jembamba na kulivuta karibu. Kihisi cha a6400, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga, kina upana wa takriban milimita 23.5. Kutokana na kipimo hicho tunapata kanuni nyepesi ambayo ingefaa kuandikwa kwenye mfuko wa kila kamera:

Upana unaoonekana = umbali wako × 24 ÷ milimita za lenzi.

Kwa maneno mengine, lenzi ya 24mm huona upana ulio sawa na umbali wako. Ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, utaona upana wa mita 3. Kwa umbali huohuo wa mita 3, hali ni hii:

- 16mm huona mita 4.5
- 24mm huona mita 3
- 30mm huona mita 2.4
- 50mm huona mita 1.4
- 56mm huona mita 1.3

Mwenye Canon EOS R50 atumie 22 badala ya 24, kwa kuwa kihisi chake ni chembamba kidogo.

Sasa chukua futi yako. Watu wanane waliosimama bega kwa bega wanahitaji takriban mita 4. Kwa lenzi ya 30mm itakubidi urudi nyuma mita 5, na sebule nyingi hazina mita 5 kutoka kabati la televisheni hadi mlango. Kwa 16mm, mita 3 zinatosha na nafasi inabaki. Ndiyo sababu picha ya familia haikuenea: chumba kilikuwa kidogo kuliko lenzi.

Onyo kuhusu lenzi pana: walio pembeni mwa picha hunyooshwa, na uso uliosogelewa sana kwa 16mm huonekana una pua kubwa na masikio yaliyorudi nyuma. Acha nafasi pande zote mbili, waweke watu wanene na wazee katikati, na usimkaribie mtu chini ya mita moja na nusu ikiwa uso wake ndio unaoupiga. Picha ya uso na kifua inatoka vizuri zaidi ukisimama kama mita 2 na kutumia lenzi ya kati ya 50mm na 56mm.

Kwa jukwaani, fanya hesabu ileile. Kutoka mita 10, lenzi ya 50mm huona upana wa mita 4.8, unaotosha maharusi na wasimamizi wao. Lenzi ya 210mm huona takriban mita 1.1, yaani mtu mmoja tangu kiunoni.

Umefaulu ikiwa, kabla ya kufika ukumbini, unaweza kutaja lenzi moja au mbili utakazobeba na mahali utakaposimama.

## Hatua ya 3: Chagua ukubwa wa tundu kwa kufuata mwanga

Namba ya pili kwenye lenzi, ile inayoanza na f, inaeleza ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu mpangilio unaonekana kinyume, lakini ukishaukubali mara moja hautakusumbua tena.

Lenzi iliyokuja na kamera hufungua f/3.5 ikiwa kwenye 16mm, lakini ukiivuta hadi 50mm haiwezi kufungua zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.4 huingiza mwanga mara 16 ya f/5.6. Tazama maana yake: ukumbini, kamera iliyolazimika kutumia sekunde 1/15 kwa f/5.6 itaweza kutumia 1/250 kwa f/1.4, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Kwa 1/15 kila anayetembea atakuwa ukungu. Kwa 1/250 hata wanaocheza wanasimama. Lenzi ya f/2.8 iko katikati, kwani huingiza mwanga mara 4 ya f/5.6.

Ushauri wangu kwa mpigaji wa picha za watu ni huu:

Ukiwa na fedha ya lenzi moja tu, nunua ya 30mm au 35mm yenye f/1.4 au f/1.8. Sigma 30mm f/1.4 na Sony 35mm f/1.8 zote zinafaa. Urefu huu unatosha mtu mmoja, kundi dogo, chakula na mapambo ya meza.

Ukipiga sherehe kwa malipo, Sigma 18-50mm f/2.8 ina thamani kuliko lenzi mbili za urefu mmoja, kwa sababu wakati wa kukata keki huna muda wa kubadilisha lenzi wala nafasi ya kurudi nyuma. Ina uzito wa gramu 290 tu, na hivyo haiifanyi kamera ndogo iinamie mbele.

Lenzi ya 56mm f/1.4 ni nzuri sana kwa nyuso, lakini inunue baada ya hizo. Sebuleni haitakusaidia.

Lenzi ya 55-210mm ni ya mpira wa mchana, mbuga za wanyama na ngalawa zilizo mbali. Kwenye 210mm tundu lake huishia f/6.3, kwa hiyo usiibebe ukumbini ukitarajia miujiza.

Lenzi ya 16-50mm usiiuze. Juani inatosha kabisa, na kule kwenye 16mm ndiyo itakayokuokoa chumbani.

Jambo moja zaidi kuhusu mtikisiko. Mwili wa a6400 hauna kituliza mtikisiko, wala hizo lenzi za Sigma nilizozitaja hazina. Lenzi za Sony zenye herufi OSS zinacho. Hata hivyo, kituliza hutuliza mkono wako peke yake, hakimtulizi mtu anayesogea.

## Hatua ya 4: Kagua lenzi kabla ya kulipa

Lenzi nyingi nzuri huuzwa zikiwa zimetumika, iwe Kariakoo, katikati ya Nairobi au kwa mtu binafsi. Kagua mambo manne ukiwa na kamera yako mkononi.

1. Mdomo wa lenzi, yaani sehemu inayofungwa kwenye kamera. Sony a6400 hutumia mdomo wa E, Canon R50 hutumia RF, Nikon Z50 hutumia Z, na Fujifilm za kundi hili hutumia X. Sigma ileile hutengenezwa kwa midomo tofauti, kwa hiyo jina la lenzi peke yake halitoshi. Wenye Canon wawe waangalifu zaidi: EOS M50 ina mdomo wa EF-M na haipokei lenzi za RF kabisa, ilhali R50 hupokea lenzi za zamani za EF kupitia adapta.
2. Kuvu. Washa tochi ya simu, imulike kupitia upande mmoja wa lenzi na utazame kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, rudisha. Unyevunyevu wa pwani huzalisha kuvu hizi, na huendelea kukua ndani ya lenzi.
3. Fokasi. Lenga kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kadhaa. Mlio wa kukwaruza au kusitasita ni dalili ya mota iliyochoka.
4. Tundu. Piga picha moja kwa f/1.4 na nyingine kwa f/8. Mandharinyuma yakibaki vilevile katika zote mbili, tundu limekwama.

## Hatua ya 5: Toka kwenye AUTO

Zungusha gurudumu la juu hadi herufi A. Hapa wewe unapanga tundu, na kamera inatafuta kasi ya shata. Ni modi nzuri kwa mchana na kwa watu waliotulia.

Panga tundu kwa kufuata idadi ya watu, si kwa kufuata tamaa ya mandharinyuma yenye ukungu. Kwa lenzi ya 56mm ikiwa f/1.4 na mtu akiwa mita 2, eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha takriban sentimita 7 tu. Jicho la karibu litakuwa kali, na sikio litakuwa limeyeyuka. Kwa mtu mmoja tumia f/2, kwa wawili f/2.8, na kwa kundi lenye mistari miwili au mitatu tumia f/5.6. Usifikie f/16 ukidhani ukali utaongezeka. Kwenye kihisi cha ukubwa huu tundu dogo mno hulainisha picha nzima.

Ukishaizoea A, hamia M na uiache ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) kwenye AUTO. Hivyo utashika tundu na kasi kwa mkono wako, na kamera itaongeza au kupunguza ISO kadiri mwanga unavyobadilika. Kwa sherehe, hii ndiyo modi ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu mwanga wa ukumbi hubadilika kila dakika lakini mwendo wa watu haubadiliki sana.

## Hatua ya 6: Panga kasi ya shata kwa kufuata mwendo

Jiulize swali moja: anayepigwa picha anafanya nini?

- Ameketi au amesimama: 1/125
- Anatembea polepole, kama maharusi wakiingia: 1/200
- Anacheza muziki: 1/250 hadi 1/320
- Mtoto anakimbia, au mpira unachezwa: 1/500 na kuendelea

Pia zingatia lenzi ndefu. Zidisha milimita kwa moja na nusu upate kasi ya chini kabisa ya kushika kamera mkononi bila kituliza: kwa 50mm usishuke chini ya 1/80, na kwa 210mm usishuke chini ya 1/320.

Kisha kuna taa. Ukiona mistari ya giza ikikatiza picha za ndani, jaribu 1/100 au 1/50, kasi zinazolingana na mpweso wa taa za umeme wetu. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, 1/50 ndiyo kasi ya kawaida. Vilevile zima shata ya kimyakimya ukiwa chini ya taa za LED, kwa sababu husoma kihisi taratibu, mstari kwa mstari, na huinasa mipweso hiyo kwa urahisi. Sauti ya shata haitamkera mtu ukumbini.

## Hatua ya 7: Usiiogope ISO

ISO huongeza nguvu ya mwanga uliopokelewa, na ikipanda, picha huanza kuwa na chenga. Kwa hofu ya chenga, watu hufunga ISO kwenye 400, wakapata picha iliyotikisika. Picha yenye chenga kidogo inaweza kusafishwa au kuchapishwa ilivyo. Iliyotikisika haina tiba.

Ingia kwenye menyu ya ISO AUTO, weka kiwango cha chini 100 na cha juu 6400. Kamera ina uwezo wa kufika 32000 bila kupanuliwa, lakini 6400 ni mpaka mzuri wa kuanzia. Ukiwa kwenye modi ya A, panga pia kasi ya chini kabisa ambayo kamera inaruhusiwa kuitumia. Kwa watu, iweke 1/125.

Onyo muhimu: chenga mbaya zaidi hutokea unapopiga picha ikiwa giza kisha ukaiangaza kwenye kompyuta. Huonekana upesi kwenye ngozi nyeusi na kwenye suti nyeusi. Afadhali ISO 6400 iliyopigwa ikiwa na mwangaza sahihi kuliko ISO 1600 iliyovutwa juu baadaye.

## Hatua ya 8: Fokasi iende kwenye jicho

Chagua AF-C (fokasi inayoendelea kumfuata mtu), eneo pana, na utambuzi wa macho ya binadamu. Bonyeza shata nusu na usubiri kialama kidogo kitue juu ya jicho, ndipo ubonyeze mpaka mwisho. Kukiwa na watu wengi mbele, badili eneo liwe kidoto kimoja unachokisogeza, vinginevyo kamera itamchagua shangazi aliyepita mbele badala ya bi harusi. Giza likizidi, lenga mahali penye tofauti ya rangi, kwa mfano ukingo wa kola nyeupe juu ya suti.

## Hatua ya 9: Mwangaza wa nyuso zetu

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

Kipimamwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina rangi ya kijivu cha wastani. Hakijui ngozi, hakijui shela. Kikiona ukuta mweupe mwingi, hukisia kwamba mwanga umezidi na kuifanya picha kuwa giza. Mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta huo hugeuka kivuli. Kikiona pazia jeusi na ngozi nyeusi vimejaa picha, hukisia kwamba mwanga hautoshi na kuuongeza, ndipo ngozi inapopauka na kupoteza mng'ao wake wa asili. Kwa hiyo hakuna namba moja ya "ngozi nyeusi". Kinachoamua ni kilicho nyuma ya mtu na kiasi cha picha kinachojazwa na uso.

Tumia fidia ya mwangaza, yenye alama ya + na −. Kwenye a6400 ipo upande wa chini wa gurudumu la nyuma. Kila hatua yake ni theluthi moja.

- Ukuta mweupe, dirisha au anga nyuma ya mtu: anza na +1.
- Uso umejaza picha, mandharinyuma ni ya wastani: anza na −0.3.
- Pazia jeusi au ukumbi wenye giza nyuma, taa ikimwangaza mtu: anza na −0.7.

Maharusi ndio mtihani mgumu, kwa kuwa gauni jeupe na suti nyeusi vimesimama pamoja. Washa mistari ya pundamilia kwenye menyu na uiweke 100+. Mistari hiyo hujitokeza juu ya sehemu zinazokaribia kuungua, yaani zitakazokuwa nyeupe tupu bila nakshi yoyote. Ongeza fidia mpaka mistari ianze kuonekana kwenye gauni, kisha rudi nyuma hatua moja. Nakshi za gauni zitabaki, na nyuso zitakuwa na mwangaza mwingi kadiri inavyowezekana. RAW itakusaidia kuziinua kidogo baadaye.

Fanya zoezi hili nyumbani: mweke mwenzako mbele ya ukuta mweupe akiwa amevaa nguo nyeupe, piga picha kwa 0, +0.7, +1 na +1.3, kisha mhamishie mbele ya mlango wenye giza na upige kwa 0, −0.3, −0.7 na −1. Zilinganishe kwenye kioo kikubwa. Umefaulu ikiwa unaona mng'ao kwenye paji la uso, weusi wenye kina kwenye shavu, na mboni zinazotofautika na kope. Ngozi nyeusi iliyopigwa vizuri hubaki nyeusi. Usiiangaze mpaka ifanane na ya mtu mwingine.

Jua la saa sita mchana lina shida yake. Huku karibu na ikweta hukaa utosini na kuyajaza macho vivuli. Mpeleke mtu chini ya mwembe au ukumbi wa nje wa nyumba, akielekea upande wenye uwazi, na upige kutoka kwenye uwazi huo. Mwanga wa jioni ni mzuri mno, lakini hupita upesi, kwa hiyo kamera iwe imeshapangwa kabla jua halijashuka.

## Hatua ya 10: Rangi

Juani na kivulini, acha mizani ya weupe, yaani kidhibiti kinachofanya nyeupe ionekane nyeupe, kwenye AUTO. Ndani, chini ya taa za aina moja, ipange kwa namba za Kelvin (K), kipimo cha rangi ya mwanga: takriban 3200K kwa taa za manjano, na takriban 5500K kwa taa nyeupe kama mchana. Sababu ni kwamba AUTO hubadilika picha kwa picha, na albamu nzima huonekana kama imepigwa na watu tofauti.

Taa za mapambo za zambarau na bluu zikipiga usoni, hata RAW haiwezi kurudisha rangi ambayo haikuwepo. Subiri taa nyeupe, au tumia flashi ya nje ukiielekeza kwenye dari nyeupe, kasi ya shata isizidi 1/160. Dari ikifunikwa vitambaa vya rangi, usiielekeze huko, maana rangi yao itarudi kwenye nyuso.

## Hatua ya 11: Hifadhi mipangilio miwili

Gurudumu la juu lina nafasi ya MR inayokumbuka mipangilio. Hifadhi ya kwanza iwe ya ukumbi: M, f/2 au f/2.8, 1/200, ISO AUTO hadi 6400, AF-C. Ya pili iwe ya mchana: A, f/4, ISO 100 hadi 1600. Sherehe ikitoka nje kwenda bustanini, utahitaji kugusa mara chache tu.

## Hatua ya 12: Soma dosari kwenye picha yenyewe

Kuza picha kwenye kioo cha kamera na utazame macho ya mtu.

- Kila kitu kimeyeyuka upande mmoja, pamoja na ukuta: mkono wako ulitikisika. Ongeza kasi.
- Ukuta ni mkali, mtu ameyeyuka: mtu alisogea. Ongeza kasi zaidi, kituliza hakitasaidia.
- Sikio ni kali, jicho ni laini: fokasi ilikosea au tundu ni kubwa mno. Nenda f/2.8.
- Wa mbele ni wakali, wa nyuma ni laini: nenda f/5.6, au wasogeze wawe mstari mmoja.
- Mistari ya giza: zima shata ya kimyakimya, jaribu 1/100.
- Picha nzima ina weupe kama ukungu: futa lenzi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje pwani, lenzi hushika jasho. Iache ndani ya begi dakika kadhaa ipate joto kabla ya kuitoa.

## Baada ya kazi

Unapobadilisha lenzi, zima kamera, ielekeze mdomo chini na uupe upepo mgongo. Puliza vumbi kwa pampu, si kwa kinywa, kwa sababu mate hukauka kwenye kihisi. Ukitoka ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili kuondoa chumvi, halafu kwa kikavu.

Usihifadhi lenzi ndani ya begi la ngozi au kabati lenye giza na unyevu, kwa kuwa huko ndiko kuvu huanzia. Ziweke kwenye kisanduku kinachobana pamoja na silika jeli, na vifuko hivyo vikishalowa, weka vipya.